Mjomba Tsuma na Wajumbe wa Kichwani

Nyinyi mnaokunywa vitu vya rangi ya shampuu kule ufuoni Diani, sogeeni hapa. Na nyinyi msiokunywa, mnaojiona mmeshakabidhiwa funguo za pepo, sogeeni pia, maana mna sehemu yenu humu: yuko shangazi mmoja ambaye hata siki huitilia shaka, na siku moja nilimwona akishika kikombe kwa mikono miwili mbele ya watu na kukionja. Nitafika huko. Msinihimize. Mimi nimeuza mnazi maisha yangu yote, na mtu aliyezoea kusikiliza walevi hajui kusimulia kwa mstari ulionyooka.

Jina langu Umazi. Nilikuwa na mangwe Ukunda, upande wa nyuma wa ile barabara iendayo mahotelini. Mangwe, kwa mliofika juzi na mabegi yenu ya kutafuta kazi, ni pahali pa kunywea mnazi: makuti juu, magogo ya kukalia chini, na katikati watu wazima wakidanganyana kwa heshima. Nimeuza mnazi ambao ukimwagwa wote kwa pamoja, feri ya Likoni itaelea juu yake na abiria wateremke Kinango bila kulowa viatu. Magoti yaliponigomea nikafunga, nikahamia Msambweni, na sasa napanda mihogo. Lakini nyinyi vijana wa jirani hamniachi. Kila mkipita ni swali: "Nyanya, hivi pombe ikiingia, kichwani kunatokea nini hasa?" Mnaniuliza kwa kuwa mmesikia nina cheti cha kidato cha nne, nilichokipata ukubwani kwa masomo ya jioni, nikiwa mwanafunzi pekee darasani aliyeruhusiwa kuvua viatu kwa sababu ya miguu kuvimba.

Haya, kaeni. Swali lenu lina jibu, na jibu lake lilikaribia kumuua mjomba wangu na kumkosesha binti yangu mume, siku moja, kabla ya adhuhuri.

Mjomba huyo ni Tsuma, ndugu yake mama. Alikuwa mgema, tena ndiye aliyenifunza kazi. Alipanda minazi kama wengine wanavyopanda ngazi za benki, isipokuwa yeye hakuulizwa kitambulisho. Kotama kiunoni, hicho kisu chake cha kugemea, kibuyu mgongoni, na wimbo wa kanisani mdomoni ingawa kanisani alionekana siku za mazishi tu. Alinifunza kwamba kole la mnazi, lile shina la ua linalotoa utomvu, hukatwa wembamba wa karatasi. "Nyembamba, Umazi," alikuwa akinipigia kelele kutoka huko juu, kana kwamba mimi ndiye niliyeshika kisu. "Huu si mkate!" Akanifunza kujua umri wa mnazi ulio kibuyuni kwa sikio. Wa asubuhi umenyamaza. Wa adhuhuri unanong'ona. Wa jioni unaongea kama mtu aliyedhulumiwa shamba, na huo usimuuzie mtu mwenye kesi.

Lakini sheria yake kubwa kuliko zote ilikuwa moja: anayetoa ndiye anayeonja. Kwetu sisi huwezi kumpa mtu kibuyu cha mnazi hivi hivi, ukamkodolea macho anywe. Lazima unywe kidogo wewe kwanza, mbele yake, aone hukumtilia sumu. Usipoonja, hata kama wewe ni mama yake mzazi, ataweka kibuyu chini na kukuuliza mmekosana lini.

Siku yangu ya kwanza kazini niliifuata sheria hiyo kwa moyo wote. Kila kibuyu nikionja, na nikionja naonja kweli, kata nzima. Ilipofika alasiri niliupa shikamoo mwimo wa mlango, nikakasirika haukuitikia. Mjomba akanikalisha kwenye gogo. "Mwanangu," akaniambia, "kuonja ni kulowesha mdomo. Wewe unamwagilia shamba."

Tangu siku hiyo nikawa nalowesha tu. Na ndiyo maana leo ninazo akili za kuwasimulia.

Sasa, masomo ya jioni. Mwalimu wetu wa bayolojia aliitwa Salim, kijana mpole wa Gazi, mtu wa swala tano, ambaye pombe aliijua kama daktari wa meno anavyomjua mamba: kwa picha. Lakini siku aliyofundisha habari za ubongo, wallahi, nilihisi ananisomea wateja wangu mmoja mmoja.

Alisema hivi. Ndani ya kichwa mna chembe nyingi zisizohesabika, na chembe hizo hazigusani. Baina ya moja na nyingine pana mwanya mdogo, mdogo kuliko huruma ya mwenye nyumba. Chembe ikitaka kumwambia jirani yake neno, inamtuma mjumbe wa kemikali. Mjumbe anaruka ule mwanya, anafika ng'ambo, na huko anakuta vitu kama masikio vinavyomngojea. Akisikiwa, neno limefika. Ndivyo unavyocheka, unavyotembea, unavyokumbuka umeweka wapi chumvi.

"Wajumbe hao wana majina?" nikauliza.

"Wanayo, Bi Umazi. Yuko mmoja aitwaye GABA. Kazi yake ni kutuliza. Mwingine ni glutameti, kazi yake kuchangamsha."

Majina hayo yalinikwama kooni, kwa hiyo nikawabatiza upya papo hapo. GABA nikamwita Bi Tulia. Huyu ni kama mama mwenye boma: anapita chumba kwa chumba akisema, kaeni, polepole, zimeni hiyo redio. Glutameti nikamwita Bwana Hima. Huyu anagonga milango: amka, shika, kumbuka, gari hilo linakuja! Kichwa kizima ni ndoa ya hawa wawili. Mmoja akizidi, nyumba haikaliki.

"Basi pombe ikiingia," akasema Mwalimu, "inamkuzia Bi... huyo uliyemwita Tulia, sauti yake. Na Bwana Hima inamziba mdomo."

Nikapiga meza. "Chirima!"

Darasa likageuka. Chirima alikuwa askari wa geti katika hoteli moja huko Diani, mteja wangu wa kila siku, na hakuwapo pale. Alikuwa kwenye mangwe yangu akimziba mdomo Bwana Hima. Lakini maisha yake yote yalinifungukia. Kibuyu cha kwanza, mabega yanashuka. Cha pili, ulimi unavaa koti. Cha tatu, miguu inasubiri amri isiyokuja. Na asubuhi hakumbuki lolote, maana Bwana Hima ndiye anayesaidia kuandika kumbukumbu, na amefungwa mdomo. Chirima alimchumbia mpishi mmoja wa chapati mara nyingi, na kila mara ilikuwa ya kwanza kwake. Yule mama akachoka, siku moja akamjibu, "Tumeshaachana, Chirima. Huna habari?" Chirima akalia kama mtoto.

"Na mbona wanacheka hata kabla sijawamiminia?" nikauliza. "Mimi bado nafuta kibuyu, wao wameshaanza meno nje."

"Huyo ni mjumbe wa tatu, dopamini," akasema Mwalimu. "Ndiye anayetangaza kuwa raha inakuja. Akishazoea, anatangaza mapema, kwa kuona tu chombo."

Mpiga ngoma! Nikamwita Mpiga Ngoma. Na ngoma yake, wanangu, haina haya. Inapigwa kwa harusi isiyokuwapo.

Kuanzia hapo mangwe yangu ikawa maabara. Mtu akinyanyua sauti nasema, "Bwana Hima huyo, bado hajazibwa." Mtu akilala na mrija mdomoni nasema, "Bi Tulia amefunga duka." Wateja wakadhani nimeingia uganga. Biashara ikapanda.

Kipindi kilichofuata nikamuuliza Mwalimu habari za Mjomba Tsuma. Kwa sababu mjomba alikunywa tangu ujanani, kila siku ya Mungu, asubuhi kabla ya kupanda na jioni baada ya kushuka, na hajaonekana akiyumba. Mimi nilijua ni uhodari. Nilikuwa nikijisifu nao sokoni.

Mwalimu akatikisa kichwa. "Huo si uhodari, Bi Umazi. Ubongo wake umejipanga upya. Umemwona Bi Tulia anapiga kelele kila siku, ukayapunguza masikio ya kumsikilizia. Ukamwona Bwana Hima amezibwa mdomo, ukamwongezea masikio ili asikike hata akinong'ona. Kwa hiyo pombe nyingi na kichwa kilichojipanga, vinasukumana, mtu anaonekana mzima. Ni kama mtu anayeusukuma mlango kwa nguvu zote, na upande wa pili mwingine anausukuma vile vile. Mlango umesimama wima. Sasa mmoja wao akiondoka ghafla..."

Stima zikapotea. Giza. Ukunda nzima ikasema "Aaa!" kwa pamoja, tukarudi majumbani kwa tochi za simu. Juma lililofuata tukaanza habari za maua. Kwa hiyo mimi nilibaki na mlango, na mtu anausukuma, na sijui aliangukia wapi.

Shikeni hapo hapo, tuingie kwenye harusi.

Binti yangu Mwaka alimpenda Nyawa, kijana mpishi katika hoteli ya Galu, kwao Samburu. Si ile Samburu ya mbali ya kaskazini. Hii yetu, ya Kinango, ya malori na mbuzi. Walikuwa wamengojana hata majirani wakachoka kwa niaba yao. Nyawa alikuwa yatima, na msemaji wa kwao alikuwa shangazi yake, Mbodze, mama wa kanisa, mrefu, mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani kilichopigwa pasi mpaka kikawa na makali.

Na kwetu ndoa haianzi mpaka ipite kadzama. Kadzama ni mnazi unaoletwa na upande wa mume siku ya kusemezana. Mtu wa upande wao anaonja, kisha anamkabidhi mjomba wa msichana. Mjomba akinywa, amekubali, neno limekwisha. Asipokunywa, kila mtu arudi kwao. Baba anaweza kukohoa na mama anaweza kulia, lakini kinywa kinachofunga ndoa ni cha mjomba. Mwaka alikuwa na mjomba mmoja tu wa kusimama pale, naye ni mjomba wangu mimi, Tsuma, maana mama yangu alimzaa mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe ni hili jikongwe linalowasimulia.

Shangazi Mbodze alituma ujumbe. Mila wataifuata, kadzama wataileta, na kwa kuwa ukoo wao mzima umeokoka, wamekodi jirani mmoja wa kuwaonjea. "Lakini," ukasema ujumbe, "tukimkuta huyo mjomba amelewa, tunageuza gari. Hatuoi kwenye nyumba ya walevi."

Mwaka alinitazama. Nyinyi mnaojua macho ya msichana aliyengoja, mnajua.

Mjomba alipoambiwa, alikasirika kwa namna nzuri sana. "Mimi?" akasema. "Tsuma? Nitawaonyesha hawa watu wa kanisani. Kuanzia asubuhi hii mpaka Jumamosi, tone halipiti hapa." Akajipiga koo. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Sote tukampigia makofi, na Chirima akatoa machozi akisema hajapata kuona ujasiri wa namna hiyo tangu ajiunge na kazi ya ulinzi.

Ijumaa mikono ikaanza kumtetemeka. Kotama ikamponyoka juu ya mnazi, ikashuka ikachoma ardhi kando ya jogoo wa jirani, jogoo akahama mtaa. Jasho linamtoka kana kwamba amebeba friji. Chakula hataki, usingizi hana, na moyo, anasema, unamkimbia kama una deni. Kila mtu akawa daktari. Mmoja alisema ni malaria, wa pili akaleta habari za jini wa mnazini aliyekasirika kukosa sehemu yake. Chirima akasema ni woga wa mashemeji.

Jumamosi asubuhi nikamkuta amekaa kwenye gogo, amevaa shati jipya, kifungo cha juu kimefungwa kwenye tundu la chini, na uso umejaa adabu.

"Umazi," akaniambia, "wape viti hawa kuku."

"Kuku gani, mjomba?"

"Hawa waliovaa kofia. Wamefika mapema. Huyu mnene ni chifu wao."

Nikatazama. Pale mbele yake palikuwa na ndoo.

Chirima akanivuta pembeni. "Bi Umazi, mpe kibuyu kimoja tu, atengenee. Nyuma ya nyumba, hao wageni hawatajua."

"Ili wamkute ananuka mnazi, wageuze gari?"

"Basi tumfukize ubani."

Na hapo ndipo ule mlango wa Mwalimu Salim ulipofunguka kichwani mwangu, kelele zake zikanitoa jasho kuliko mjomba. Nikashika simu.

"Mwalimu! Yule mtu aliyekuwa akisukuma mlango, aliangukia wapi?"

"Bi Umazi? Asalaam aleikum. Mlango gani?"

"Mlango wa stima kupotea! Bi Tulia na Bwana Hima! Mjomba ameacha mnazi ghafla tangu juzi, anatetemeka, na anamkaribisha chifu wa kuku!"

Sauti ya Mwalimu ikabadilika, upole wote ukaondoka. "Mpeleke hospitali sasa hivi. Usingoje wageni. Pombe imeondoka lakini yale masikio ya Bwana Hima yako wazi yote, na Bi Tulia hana wa kumsikia. Anaweza kuanguka kifafa. Watu hufa hivyo, Bi Umazi. Sasa hivi."

Nikamwita Kariuki wa tuk-tuk, kijana wa bara aliyekuwa akiegesha mbele ya mangwe. Tukamwinua mjomba. Akagoma mlangoni.

"Siwezi kuwatangulia wageni wangu. Wapande wao kwanza."

"Wageni gani, mathee?" Kariuki akaniuliza.

"Kuku," nikasema. "Wenye kofia. Usiulize."

Kijana huyo Mungu amweke. Alishuka, akafungua mlango, akainama akaanza kupakia hewa. "Haya chifu, ingia. Na wewe wa nyuma, wacha kusukumana! Hii si mkutano!" Akafunga. "Buda, zote ziko ndani. Panda."

Mjomba akapanda, akakaa ukingoni kabisa ili asiwakanyage.

Hospitalini akapokewa na nesi Halima, mwanamke mnene mwenye sauti ya kutuliza mawimbi. Alimtazama mara moja tu akajua, hata kabla sijammwagia habari zote za Mwalimu, wajumbe na mlango. Daktari akampima, akaandika dawa, na nesi akaja na vidonge na kikombe cha plastiki chenye maji. "Hivi vinafanya kazi kwa yule mjumbe wa kutuliza," akanieleza. "Vinampa sauti kwa muda, kisha tutavipunguza kidogo kidogo mpaka ubongo ujipange tena. Na vitamini pia, maana mnazi umemlia lishe. Haya baba, meza."

Mjomba akautazama mkono wa nesi, akakunja uso. "Aonje kwanza."

"Nani aonje?"

"Anayetoa."

"Baba, mimi siruhusiwi kuonja dawa ya mgonjwa."

"Basi ni sumu," akasema mjomba, akageukia ukutani.

Nikachukua kikombe. "Mjomba, ni mimi Umazi. Nitaonja mimi."

"Wewe ni wa upande wangu, mwanangu," akanijibu kwa huruma, kama anayemfundisha mtoto. "Leo ni siku ya kadzama. Aonje wa upande wa mume."

Nikamkazia macho nesi, naye akanikazia. Mikono ya mjomba ilikuwa ikitetemeka hata kitanda kinaimba. "Jaribuni haraka," nesi akaninong'oneza. "Tukilazimika kumshika kwa nguvu tumchome sindano, mzee wa umri huu anaweza kuumia. Lakini hatutangoja sana."

Upande wa mume! Mwaka alikuwa ameshawapigia simu kuwaambia waje moja kwa moja hospitalini, na mimi nilikuwa nikiomba wapotee njia. Hawakupotea. Nje nikasikia pikapu, kisha mbuzi, kisha Kariuki akilalamika: "Mama, hii mbuzi yenu inakula kiti yangu!" Kisha viatu vya Shangazi Mbodze kwenye sakafu ya wodi, ko, ko, ko. Nyuma yake Nyawa na Mwaka, nyuso zimewapauka.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

"Marahaba. Bwana asifiwe. Yuko wapi mlevi wenu?"

"Hajalewa, shangazi. Hajanywa hata tone tangu Alhamisi. Ndiyo maana yuko hivi."

Akasimama. "Hebu rudia. Akinywa, ni mlevi. Asipokunywa, ni mgonjwa?"

"Ndiyo, mama," akasema nesi. "Hivyo hasa."

Akamweleza, kwa maneno machache, habari za wajumbe na mlango. Mimi nikachomeka Bi Tulia na Bwana Hima palipohitajika, na pasipohitajika. Shangazi alisikiliza bila kupepesa. Mwishowe akauliza, "Na ni nani aliyemwambia aache kwa ghafla?"

Mjomba mwenyewe ndiye aliyegeuka kutoka ukutani, akasema kwa sauti ya adabu, "Karibuni wageni. Umazi, shangazi huyu ndiye mkubwa wao? Mwambie sinuki kitu. Asogee anuse. Mtoto wetu asikose mume kwa ajili yangu."

Wanangu, kile kitambaa cheupe chenye makali kilitetemeka.

"Yuko wapi yule mwonjaji wetu?" akauliza Shangazi bila kugeuka.

Nyawa akakohoa. "Amelala kwenye pikapu, shangazi. Alionja Samburu kuhakikisha ni salama. Akaonja Kinango kuhakikisha bado ni salama. Kwale akaumaliza."

"Kadzama yote?"

"Na kibuyu kimepasuka."

Shangazi Mbodze akafumba macho, nadhani aliomba, au alitukana kwa lugha ya maombi. Kisha akaweka mkoba wake chini. "Nipeni hicho kikombe. Hufanywaje?"

"Unalowesha mdomo tu, shangazi," nikasema. "Mbele yake. Kisha unampa kwa mikono miwili."

Akakishika kwa mikono miwili, akakinusa kwanza, mazoea ya miaka, akaonja. Akameza kwa sauti ili hata vitanda vya mwisho visikie. "Mjomba," akasema, "upande wa mume umeonja. Ni salama. Pokea."

Mjomba akajiinua kitandani, akavuta shati lake lenye vifungo vilivyokosana, akakitazama kikombe, akamtazama shangazi. Kisha akapokea vidonge kwa mkono mmoja, kikombe kwa mwingine, maji yakimwagikia kidevuni, akanywa. Akanywa mpaka chini. Akakipindua kuonyesha hakuna kilichobaki, kama mila inavyotaka, akasema kwa sauti ya kusikika wodi nzima, "Tumepokea."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama aliyevunjika mguu, asiyejua hata tunaitwa nani, akapiga vigelegele. Mwaka akamkumbatia nesi kimakosa.

Mjomba akalala. Bi Tulia alikuwa amerudishiwa sauti yake, akapita chumba kwa chumba akizima redio. Aliamka akalala, akaamka akalala, siku kadhaa, dawa ikipunguzwa polepole, na kuku wakaondoka bila kuaga. Siku alipotulia kabisa akaniita.

"Umazi, wale watu wa Samburu walikuja?"

"Walikuja, wakaenda. Umeshaoza."

"Nimeoza? Kwa kadzama gani?"

"Kikombe cha plastiki. Maji ya wodini."

Akafikiri sana. "Ya baridi?"

"Vuguvugu."

"Salaala!" akashika kichwa. "Nimemtoa mtoto kwa maji ya vuguvugu! Irudiwe!"

Tukamweka Shangazi Mbodze kwenye simu. Sauti yake ikajaa chumba. "Umekunywa, mjomba. Umekunywa mpaka chini. Mimi mwenyewe nimeonja, na mimi sionji ovyo."

Wakaoana. Yule mbuzi akala kiti cha Kariuki na nusu ya pazia la tuk-tuk, ikabidi Kariuki awe mgeni wa heshima kwenye harusi ili anyamaze. Mjomba hakurudi kwenye mnazi. Haikuwa rahisi, Mpiga Ngoma alimpigia miaka mingine akiona tu kibuyu, na kila akipigiwa alinijia kuniambia, "Umazi, kuna harusi ya uongo huku," nasi tunakaa tunapiga gumzo mpaka ngoma inyamaze.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu langu kwenu. Pombe haileti kitu kipya kichwani. Inaingilia mazungumzo ya wenyewe. Na mkiwa na baba au mjomba aliyekunywa kila siku kwa miaka, akajipiga koo kusema kesho tone halipiti, mpigieni makofi, kisha mshikeni mkono mpaka hospitali. Mlango wa namna hiyo usiachiwe ghafla.

Siku nilipofunga mangwe, mjomba alikuja akiwa na kitu kifukoni. Nilikuwa nimekaa kwenye gogo la mwisho, magoti yananiuma, sijui nilie au nicheke. Akatoa kikombe cha plastiki. Sikuuliza alikitoaje wodini. Akakijaza maji ya mtungi, akalowesha mdomo mbele yangu, akanipa kwa mikono miwili.

Nikanywa mpaka chini.